Kupanda Dùn Caan, mlima mtulivu wa kisiwa cha Raasay: mwongozo kwa anayeanza

Kila ikifika Aprili simu yangu huanza kuita. Jua limeanza kuonekana Uskoti, watu wamechoka kukaa ndani, na maswali ni yale yale: nianze na mlima gani? Nivae nini? Kuna mtu wa kuniongoza? Nikipotea je? Wengi wanaouliza ni wenzetu wa Glasgow na Edinburgh, wengine wanatoka London na likizo yao ya wiki moja, na karibu wote wameshaona picha za Old Man of Storr, ule mnara wa mwamba kule kisiwa cha Skye. Nimeona niyaandike majibu yote mahali pamoja, hatua kwa hatua.

Storr simpeleki mtu siku yake ya kwanza. Ni pazuri mno, lakini wakati wa kiangazi unapanda kwenye msururu wa watu, na anayeanza huona haya kusimama apumue. Mimi nampeleka Raasay, kisiwa chembamba kilicho kati ya Skye na bara, chenye urefu wa kilomita 23 hivi na wakazi wasiofika mia mbili. Mlima wake mrefu kuliko yote ni Dùn Caan, mita 444. Kilele chake ni bapa kama chungu kilichofunikwa, kwa hiyo ukishauona mara moja huwezi kuuchanganya na mwingine.

Najua mita 444 zinawachekesha watu wa kwetu. Mtu wa Moshi amekua akiitazama Kilimanjaro yenye mita 5,895, na mtu wa Lushoto sebule ya kwao tu iko juu kuliko kilele hiki. Lakini hapa unaanzia baharini kabisa, kila mita unaipanda kwa miguu yako, ardhi imelowa, na hali ya hewa inaweza kugeuka kabla hujamaliza kunywa chai. Hakuna mpagazi, hakuna mlinzi wa geti anayeandika jina lako. Utulivu ule ule unaoufuata ndio utakaokuacha peke yako ukiteguka mguu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni maandalizi.

Maswali mawili ninayoyajibu kwanza

Je, kuna kiingilio au kibali? Hapana. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea mashambani na milimani, mradi atembee kwa adabu: funga geti ulilolikuta limefungwa, usisumbue kondoo, usiache taka. Aliyezoea mambo ya Kilimanjaro, ambako bila kiongozi na malipo hupandi, huwa haamini. Amini.

Je, msimu gani? Mei na mwanzo wa Juni ni bora kuliko miezi mingine yote. Siku ni ndefu (kwenye tarehe 21 Juni jua linazama karibu saa nne na nusu usiku) na usubi, vile vijidudu vidogo vinavyouma, haujashika kasi. Septemba nayo ni nzuri. Usianze kati ya Novemba na Machi. Mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limeshazama. Hapo njia hii inataka mtu mwenye uzoefu.

Vitu vya kuwa navyo

Buti za kupandia zinazoshika kifundo na zisizopitisha maji, ulizokwisha kuzivaa angalau wiki mbili mtaani. Buti mpya siku ya mlima ni malengelenge kabla hujafika katikati.

Nguo za tabaka: fulana ya kitambaa cha michezo au sufu nyembamba, sweta jepesi la kutia joto, halafu koti la mvua na suruali ya mvua. Pamba acha nyumbani, na jinzi zaidi. Mpwa wangu alikataa ushauri huu. Tulinyeshewa dakika ishirini tu, jinzi ikalowa ikawa nzito na baridi kama chuma, na tulipofika juu kwenye upepo vidole vyake vilikuwa havishiki hata zipu ya shanta. Nilimfungulia mimi, nikamvisha suruali yangu ya mvua, tukageuka. Ilikuwa Julai.

Kofia ya sufu na glavu, hata kama chini watu wamevaa kaptura. Kila ukipanda mita mia moja joto hupungua kwa zaidi ya nusu nyuzi, na upepo unaongeza baridi juu ya hapo.

Ramani ya karatasi na dira. Ramani ya Ordnance Survey, wachoraji ramani wa taifa, ya kisiwa hiki ni Explorer namba 409. Ya simu nayo pakua kabisa kabla ya kusafiri, maana mtandao kisiwani unakuja na kupotea.

Tochi ya kichwani, filimbi, pawabenki, dawa ya wadudu na wavu wa uso, plasta na bandeji, koleo dogo la kutolea kupe. Fimbo moja ya kutembelea itakusaidia kupima tope kuliko itakavyosaidia magoti.

Chakula na maji: lita moja na nusu kwa mtu, na chupa ya chai ya moto. Chapati zilizokunjwa na mayai, tende, karanga, maandazi ya jana. Vyote hivi vinakwenda mlimani vizuri kuliko vitafunwa vya dukani. Inverarish kuna duka dogo, lakini usiliwekee tumaini lako la chakula cha mchana. Nyama choma isahau kabisa. Ardhi ya huku ni mboji, mabaki ya majani yaliyorundikana kwa maelfu ya miaka, na ikishika moto huungua chini kwa chini siku nyingi baada ya wewe kuondoka.

Hatua

1. Chagua siku kwa kuangalia upepo na mawingu. Watu huangalia kama kuna alama ya jua, basi. Fungua utabiri wa milima wa MWIS (huduma ya hali ya hewa ya milimani) au wa Met Office (idara ya hali ya hewa ya Uingereza), usome mambo mawili: kasi ya upepo juu ya mlima, na mawingu yatakaa kwenye kimo gani. Upepo ukizidi kilomita 50 kwa saa, au mawingu yakiwa chini ya mita 450, kwa safari ya kwanza ahirisha. Manyunyu peke yake hayakatazi safari.

2. Panga saa zako kuanzia feri ya kurudi. Chukua ratiba ya CalMac, kampuni ya feri, kati ya Sconser (gati la upande wa Skye) na Raasay, tafuta feri ya mwisho ya siku hiyo, kisha hesabu kurudi nyuma. Kuna kanuni ya Mskoti mmoja, William Naismith, ya mwaka 1892, ambayo hadi leo watu wanaitumia. Kwa vipimo vya sasa ni hivi: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kutoka gatini hadi kileleni na kurudi ni kilomita 14 hivi, na ukijumlisha mabonde na vilima vidogo unapanda zaidi ya mita 500. Kwa kanuni hiyo ni kama saa tatu na dakika arobaini na tano. Anayeanza namwongezea nusu yake, kisha saa nzima ya akiba. Kwa hiyo tafuta siku itakayokupa walau saa sita na dakika arobaini kati ya feri ya kwenda na ya kurudi. Jumapili feri ni chache, usiichague.

   Angalizo kwa tuliozoea saa za Kiswahili: ratiba imeandikwa kwa mtindo wa saa 24. 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni. Nimeshapokea simu ya mtu aliyesoma 07:00 akaja saa saba mchana. Hesabu mara mbili, andika kwenye karatasi.

3. Mwachie mtu ratiba yako. Mtu mmoja, asiye kwenye safari. Mwandikie njia utakayopita, feri utakayorudi nayo, na saa ambayo akiwa hajakusikia apige 999, namba ya dharura. Usimwambie tu "naenda Skye".

4. Sajili simu yako kwa ujumbe wa dharura. Tuma neno *register* kwenda 999, ujibu kama utakavyoelekezwa. Inachukua dakika moja, na mtandao ukiwa hafifu kiasi kwamba simu haiwezi kupigwa, ujumbe mfupi mara nyingi hupenya.

5. Fika Sconser. Kwa gari kutoka Glasgow tenga saa tano na zaidi. Unavuka kwenda Skye kwa daraja, halipiwi. Basi la Citylink linalokwenda Portree linapita hapo hapo Sconser. Kwa kuwa ni mbali, lala Skye usiku wa kuamkia safari; kuendesha saa tano halafu kupanda mlima siku hiyo hiyo ni kujitafutia ajali ya jioni. Gari liache Sconser uvuke kwa miguu. Safari ni dakika 25. Feri yenyewe, MV Hallaig, ilikuwa ya kwanza duniani ya aina yake, ya kubeba magari baharini kwa kuchanganya dizeli na betri. Jina la Hallaig liweke akilini, tutalikuta tena juu.

6. Gatini hadi mgodini. Ukishuka fuata barabara ya lami kwenda Inverarish, kijiji kikuu. Utapita nyumba zilizojengwa kwa mistari kwa ajili ya wachimbaji. Endelea na barabara inayopanda kuelekea Fearns mpaka uone magofu ya zege ya mgodi wa chuma. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza waliofanya kazi humu ni Wajerumani waliotekwa vitani. Mimi kila nikipita hapa hukumbuka kwamba ni vita hivyo hivyo vilivyowabebesha babu zetu mizigo ya jeshi la Waingereza, hadi Dar es Salaam ikabaki na mtaa unaoitwa Kariakoo.

   Hapa mgodini ndipo njia ya miguu inapoanza. Kosa la kawaida: kuendelea na lami kwa sababu ni rahisi. Lami itakupeleka Fearns, pwani ya mashariki, na utapoteza saa nzima. Toa ramani, hakikisha uko wapi, kaza kamba za buti, vaa koti ukiona wingu. Kama una haja ndogo, maliza mambo yako kabla ya kuacha miti.

7. Mgodini hadi nyika ya juu. Njia inafuata bonde la kijito cha Inverarish kuelekea kaskazini, kwanza karibu na miti, kisha unatoka kwenye nyika wazi ya majani marefu na vichaka vifupi ambavyo Agosti huwa zambarau tupu. Tembea polepole kiasi cha kuweza kuongea bila kukatika pumzi. Hapa ndipo wanaoanza huchoka bila sababu: wana nguvu za asubuhi, wanakimbia, wanatoka jasho, nguo ya ndani inalowa, halafu juu upepo unaifanya barafu. Ukihisi joto, simama uvue tabaka moja kabla jasho halijaanza. Ukisimama kupumzika, lirudishe.

8. Jifunze kulisoma tope. Somo hili linastahili muda, kwa sababu sehemu kubwa ya njia ni hii. Mboji nyeusi tupu yenye alama za buti mara nyingi inabeba. Utazama hadi kwenye kamba, basi. Mashada ya majani magumu yanabeba vizuri, kanyaga katikati ya shada, si pembeni. Hatari ni ile sehemu inayovutia macho, laini, ya kijani angavu kama sponji mpya. Chini yake ni maji. Itangulize fimbo: ikizama zaidi ya nusu ya muundi wako, zunguka. Nimeona mtu akiingiza mguu mmoja hapo hadi kwenye paja. Tulimtoa, buti ikabaki ikitoa mlio wa kunyonya, na ilibidi mmoja wetu alale kifudifudi kuichomoa. Usiruke kutoka shada hadi shada kama unavuka mfereji wa mtaani. Vifundo vinategukia hapo.

9. Simama ukiona kilele. Njia inakufikisha kwenye mgongo wa juu, na ghafla Dùn Caan iko mbele yako na kofia yake bapa ya mawe ya volkano. Kulia kwako ni ziwa dogo la Loch na Mna, na chini ya kilele ni Loch na Mèilich. Wenyeji wa zamani walisimulia kwamba farasi wa majini alitoka katika ziwa hilo la kwanza akamla binti wa mhunzi, na baba akamvizia mnyama huyo kwa harufu ya nyama iliyokuwa ikichomwa, akamuua kwa chuma cha moto. Aliyelelewa na hadithi za zimwi hatashangaa.

   Hapa ndipo pa kuamua. Jiulize: kilele nakiona? Nimetumia muda gani? Ukitazama saa ukakuta umeshatumia zaidi ya nusu ya muda ulioupangia kwenda na kurudi, kaa hapa ule chapati zako, kisha geuka. Unachokiona kutoka hapa kinatosha kuifanya safari, na mlima hauhami.

10. Shuka hadi ziwani, kisha panda kilele. Njia inateremka kwa ukali hadi usawa wa ziwa. Watu huvunjika moyo hapa, maana walidhani kupanda kumekaribia kwisha. Ni kawaida. Kutoka ziwani njia inapanda ubavu wa mlima ikipinda kushoto na kulia hadi juu. Fuata kila kona. Usikate moja kwa moja hata ukiona alama za waliokata. Mawe ni malegevu na unaweza kumwangushia aliye chini yako.

11. Kileleni. Kuna nguzo ya saruji ya wapima ardhi na uwanja wa majani mafupi. Mwaka 1773 James Boswell, mwandishi wa Kiskoti aliyekuwa safarini na mwandishi Mwingereza Samuel Johnson, alipanda hapa na kucheza ngoma ya Kiskoti juu ya kilele. Magharibi unaona meno meusi ya milima ya Cuillin ya Skye, mashariki ng'ambo ya maji ni milima ya Applecross. Upande wa mashariki wa kilele umekatika kwa majabali: usirudi kinyumenyume kupiga picha, na watoto washikwe mkono.

    Ukitazama chini kusini-mashariki, huko karibu na bahari ndiko kilikokuwa kijiji cha Hallaig. Katika miaka ya 1850 watu waliondolewa ili ardhi iwe ya kondoo. Kuta za nyumba bado zipo. Mimi hukaa kimya hapa kidogo. Nadhani utulivu tunaoufuata kisiwani humu una bei ambayo watu wengine waliilipa, na mgeni anatakiwa kulijua hilo anapokula chakula chake juu ya kilele.

    Kwa wanaoswali: Juni adhuhuri huingia baada ya saa saba mchana, na kibla ni kusini-mashariki. Kileleni hakuna maji, tawadha ziwani kabla ya kupanda.

12. Shuka kwa njia ile ile. Ramani itakuonyesha njia nyingine za kurudia, na moja ni ya kupitia Hallaig kwenyewe. Iache kwa safari ya pili. Kushuka hufupisha hatua: piga hatua ndogo, magoti yakiwa yamelegea, na usiongee na simu huku unatembea. Ajali nyingi ninazozijua zilitokea mtu akiwa ameshaliona gati.

Mambo yakienda kombo

*Ukungu umeshuka ghafla.* Simama. Usiendelee "mpaka uishe". Weka kidole kwenye ramani mahali pa mwisho ulipokuwa na uhakika napo. Kama bado uko juu ya njia, rudi kwa njia hiyo hiyo. Kama umeiacha, tumia dira kurudi hadi kitu kikubwa usichoweza kukikosa, kama ziwa au kijito. Ukiwa kileleni kumbuka mashariki ni majabali. Usitafute njia ya kushuka kwa kubahatisha.

*Njia imepotea kwenye nyika.* Mara nyingi umefuata njia ya kondoo. Hupungua taratibu hadi inakuwa kama uzi, kisha inaishia kwenye kangaga. Rudi nyuma hadi pale ulipoona alama za buti za mwisho. Ni dakika kumi za kuchosha, lakini ndizo za usalama.

*Mwenzio anatetemeka, anajikwaa, anaongea maneno yasiyounganika.* Mwili wake umepoteza joto. Mtoe kwenye upepo, mvue kilicholowa kama una kikavu cha kumvisha, mkalishe juu ya shanta na si juu ya ardhi, mpe chai yenye sukari na chakula ikiwa anaweza kumeza. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, hali imekuwa mbaya. Ita msaada mara moja.

*Mtu ameumia hawezi kutembea.* Piga 999, omba *Police*, kisha uwaambie unataka *Mountain Rescue*. Taja Raasay, Dùn Caan, na namba za gridi (zile za mistari ya ramani zinazoonyesha mahali ulipo) kutoka kwenye ramani. Nasisitiza kwa sababu nimeona watu wetu wakisita kwa kuogopa gharama: uokoaji wa milimani Uskoti ni bure, na wanaokuja ni watu waliojitolea. Ukikosa mtandao, piga filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Jibu la wanaokusikia ni mlio mara tatu. Endelea kupiga hata ukiusikia, ili wakufikie. Usiku tumia tochi kwa hesabu hiyo hiyo.

*Usubi umekuvamia.* Unauma wakati hakuna upepo, jioni na asubuhi, karibu na maji na miti. Dawa kubwa ni kupanda hadi kwenye upepo, au kutosimama. Vaa wavu kabla haujakujaa usoni. Kujikuna kunaufanya uvimbe ukae wiki nzima.

*Feri imeondoka.* Usikimbilie kukodi mashua ya mtu usiyemjua. Rudi Inverarish uulize malazi. Kuna Raasay House na nyumba chache za wageni, ingawa kiangazi hujaa, na hiyo ni sababu nyingine ya kuheshimu hatua ya 2. Ukipata kitanda, asubuhi tafuta usafiri wa kwenda kaskazini ya kisiwa, ukaone barabara ya Calum MacLeod kati ya Brochel na Arnish. Serikali haikumjengea, akaitengeneza mwenyewe kwa sururu, koleo na toroli, karibu kilomita tatu, kwa miaka kama kumi.

*Umefika chini salama.* Bado kazi mbili. Usiku huo jikague kupe mwili mzima: nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, na kwa watoto kwenye mstari wa nywele. Ukimkuta, mshike kwa koleo karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu moja kwa moja. Usimpake mafuta wala kumchoma. Kupe wa huku wanaweza kubeba ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo katika wiki zinazofuata ukiona duara jekundu linalotanuka kwenye ngozi, au homa isiyo na sababu, nenda kwa daktari umwambie ulikuwa milimani. Kwenye ngozi nyeusi duara hilo huwa halionekani wazi kama kwenye picha za hospitalini, laweza kuwa la zambarau au la kahawia tu, kwa hiyo litafute kwenye mwanga mzuri na ulipapase.

Kazi ya pili ifanye ukiwa bado gatini: mpigie yule uliyemwachia ratiba, umwambie umeshashuka. Anaitazama saa.